Saini ya Mstari wa Kumi na Nne

Miyuji, Dodoma
24 Machi 2026

Kwa Munira Seleman,

Mke wangu amekufa. Jina lake Ruthu. Alikufa Jumamosi tarehe 14. Tukamzika Jumapili tarehe 15, makaburi ya hapahapa Miyuji.

Wewe sikujui. Jina lako nimelikuta kwenye karatasi, chini kabisa, herufi ndogo. Imeandikwa muhuri umetengenezwa na Munira Seleman. Na anwani ya kompyuta. Aliyenionyesha ni mama Imrani wa steshenari. Barua hii naandika kwa mkono wangu, yeye anaipiga picha anakutumia. Ukijibu atanichapia. Usinipigie simu. Mashine ya zege imeniua masikio yote mawili. Kwenye simu nasikia upepo tu. Mtu akiwa mbele yangu namsoma mdomo.

Mimi ni kibarua. Nabeba zege. Nimesoma mpaka darasa la nne. Mengi sitaandika.

Ruthu alikuwa na mstari wake wa zabibu kwenye shamba la kikundi cha Shina Moja, nje ya mji, nyuma ya mawe. Mstari wa kumi na nne. Kikundi wanatumia programu yenu kwenye simu. Kila mwanachama anaandika akifa mstari wake apewe nani, halafu anasaini humohumo kwenye simu. Asiposaini, mstari unarudi kwa kikundi, anapewa mwingine. Ndiyo sheria yao.

Karatasi ya Ruthu imetokea. Mwenyekiti Castory kaitoa kwenye kompyuta ya mama Imrani. Inasema mstari wangu wa kumi na nne apewe mume wangu, Methusela Chidong'oi. Kuna mahali pa maelezo mengine. Hapo kaandika neno moja. Atazoea. Sijui atazoea nini. Halafu saini. Halafu tarehe.

Tarehe ni 18 Machi, 16:07. Mama Imrani kasema hiyo ni saa kumi na dakika saba jioni.

Tarehe 18 Ruthu alikuwa na siku tatu kaburini.

Castory kasema mbele ya watu, "Mzee, marehemu hasaini. Hata daftari la mahudhurio marehemu hasaini." Watu wakacheka. Kasema nimeghushi. Mkutano ni Jumamosi tarehe 25 Aprili. Siku hiyo mstari unatoka.

Sijaghushi. Ile simu hata kuifungua siwezi.

Nauliza kitu kimoja. Programu yako inaweza kupokea saini ya mtu aliyekufa?

Ni mimi,
Methusela Chidong'oi


Dar es Salaam
27 Machi 2026

Mzee Methusela,

Shikamoo. Pole sana kwa msiba. Mungu amrehemu mama.

Barua yako ilinikuta ofisini na kikombe cha chai. Niliisoma mara tatu, chai ikapoa. Jina langu halikutakiwa liwe pale chini. Nililiweka siku tunafanya majaribio, nikasahau kulitoa. Karatasi zimetoka nyingi tangu hapo, na wewe ndiye mtu wa kwanza kulisoma.

Mimi ni wa hukohuko. Nimelelewa mtaa wa Kikuyu, hapo Dodoma mjini, kwa bibi yangu Rukaya. Mpaka leo nikipiga simu ananiuliza nafanya kazi gani. Namwambia, bibi, naandika programu ya kutia saini kwenye karatasi. Anasema, "Yaani unawasainia watu? Si watakufunga wewe!" Kwa hiyo nimeshazoea kueleza, ngoja nijaribu na kwako.

Programu inachukua maneno yote ya karatasi, inayasaga pamoja mpaka yanakuwa namba moja ndefu. Ukibadilisha hata nukta, namba inakuwa nyingine kabisa. Halafu namba hiyo inafungwa kwa ufunguo uliomo ndani ya simu ya mwenye karatasi. Ufunguo hautoki mle. Mimi niliyeiandika programu sina, bosi wangu hana, Castory hana. Unafanya kazi pale tu mwenye simu anapoandika namba yake ya siri na kubonyeza.

Nimeipitisha karatasi ya mama kwenye kipimo. Muhuri ni mzima. Hakuna aliyegusa neno hata moja, na ufunguo ni wa simu yake. Kwa hiyo aliyebonyeza ni yeye, au ni mtu aliyeishika simu yake na anajua namba yake ya siri.

Habari ya saa bado naiangalia.

Naomba unijibu hili: tarehe 18 simu ya mama ilikuwa kwa nani?

Mwanao,
Munira


Miyuji
1 Aprili 2026

Munira,

Marahaba.

Zege nalo liko hivyo. Likiwa bichi, kuku akipita linashika mguu wa kuku. Likishakauka, ukilichokonoa kila mtu ataona umechokonoa. Nimekuelewa.

Simu. Aliyemkuta Ruthu shambani ni Dorothea, mdogo wake. Simu kaizima palepale. Huku kwetu simu ya marehemu haiachwi ikaita. Anayepiga atakuwa anamwita maiti. Kaifunga kwenye kitenge pamoja na viatu na mkasi wake wa kupogolea. Kitenge hakifunguliwi mpaka matanga yaanuliwe. Kilikaa ndani, juu ya sanduku. Hakuna aliyekigusa.

Jumatano tarehe 18 tukaanua matanga. Wazee wa ukoo wakafungua kitenge, vitu vikagawiwa. Dorothea kaiwasha simu, kaiweka juu ya kigoda pale uani, kaenda kupakua chakula. Watu wote walikuwa wanakula. Mimi nilikaa karibu na kigoda, sina hamu. Kama ililia sikusikia. Ila niliona. Iliwaka. Yenyewe. Mkono wa mtu haukuwepo. Mwanga wake ulikuwa mdogo, kama jicho la mtu anayeamka halafu analala tena.

Jua lilikuwa upande wa saa kumi.

Namba yake ya siri hakuna aijuaye. Dorothea hajui. Mimi sijui.

Kwa hiyo ni yeye.

Mchana nalala kidogo barazani. Namuona. Anatembea kwenye mstari wake, kanipa mgongo. Kila nguzo anaigusa. Majani yanatikisika lakini upepo hamna, na mizabibu haina kivuli. Mkononi ana simu inawaka. Namwita. Masikio mabovu ni yangu ila asiyesikia ni yeye. Akikaribia mwisho wa mstari, mstari unaongezeka.

Kila Jumatano naichaji ile simu. Saa kumi naiweka kwenye kigoda kilekile, nakaa. Leo nimekaa mpaka kuku wameingia bandani. Haijawaka. Wiki ijayo nitakaa tena.

Fundi Sila kaja kuniuliza narudi lini kazini. Nimemwambia bado. Kasema, "Ndoo yako ipo mzee, lakini haitakungoja mpaka kiyama." Kanipa mwisho Jumatatu tarehe 27. Ikipita, anaweka mtu mwingine.

Sijui kama nitaenda. Jumatano moja anaweza kuja mimi niko kwenye zege.

Methusela


Dar es Salaam
7 Aprili 2026

Mzee wangu,

Shikamoo. Natumaini Pasaka imekupitia salama.

Tangu nisome ndoto yako, nikifumba macho kidogo hapa mezani naona mistari. Programu nayo ni mistari, mmoja chini ya mwingine, na mimi ndiyo kazi yangu kuipitia kutwa nzima. Sasa inanichanganya. Jana nilikuwa nasoma mstari wa programu, nikaona kama unaota majani.

Ngoja nikuambie nilichokiona. Ndani ya muhuri wa mama kuna saa mbili. Ya kwanza ni hiyo iliyochapwa kwenye karatasi, ya tarehe 18. Ya pili haikuchapwa. Imefungwa ndani pamoja na maneno yake, na ni saa ya simu yenyewe wakati kidole kinabonyeza.

Huko nyuma ya mawe mtandao haupandi, sivyo? Nakumbuka. Tulikuwa tukienda kuokota ukwaju upande huo, baba akitaka kupiga simu inabidi arudi mpaka barabarani. Kwa hiyo mtu akisaini akiwa shambani, saini inabaki ndani ya simu. Inakaa kama barua kwenye mfuko wa mtu aliyesahau kuituma, mpaka simu ikutane na mtandao.

Nadhani mfumo ulikosea katika kuchapa saa. Mifumo hukosea wakati mwingine.

Hiyo saa ya ndani ninayo. Nimeiona. Nikuandikie?

Munira


Miyuji
10 Aprili 2026

Munira,

Usiniandikie.

Kuna kitu sikukuambia.

Jumamosi ile saa kumi na mbili asubuhi tuligombana. Ijumaa nilikuwa nimemwaga zege kutwa, mgongo umekufa. Nikamwambia leo baki nyumbani. Siku moja tu, tukae. Kasema zabibu zimeiva, zikingoja nyuki watazimaliza. Nikamwambia mimi nimeoa mke, sikuoa waya na nguzo. Nikamwambia siku ukifa, siku hiyohiyo naing'oa yote.

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu.

Kanimiminia chai, kaifunika na sahani isipoe. Katoka. Mchana wakaniletea habari.

Miaka ishirini na tisa sijamwambia neno baya kama lile. Nimemwambia siku hiyo.

Sasa sikiliza. Kama alisaini Ijumaa, au mwezi uliopita, basi mstari kampa mtu ambaye hajasema vile. Mtu huyo siyo mimi. Siwezi kuchukua kitu cha mtu mwingine. Kama alisaini Jumamosi, hiyo siamini. Nani amsikie mtu akisema naing'oa halafu ampe? Lakini kama alisaini tarehe 18, basi amefika huko wanakoona kila kitu. Kaniona mpaka ndani. Kanisamehe, karudi kusaini.

Hiyo ndiyo niliyo nayo. Niachie.

Na kingine. Umeandika mfumo ulikosea. Mfumo ni nani? Huku kwetu ukuta ukipinda hatusemi ukuta umekosea. Tunauliza fundi nani.

Methusela


Dar es Salaam
15 Aprili 2026

Mzee Methusela,

Shikamoo.

Fundi ni mimi.

Nilijua tangu barua yako ya kwanza, siku ileile chai ilipopoa. Nikaficha. Nikaandika mfumo, kama vile mfumo una mikono. Nisamehe.

Programu ile ya saini si ndefu. Ni mistari kumi na tisa. Mstari wa kumi na mbili ndio unaochapa saa. Ulitakiwa uulize simu: umebonyezwa saa ngapi? Mimi nikauandika uulize kompyuta yetu kubwa ya hapa Dar: umeipokea saa ngapi? Na sikuteleza, nilikusudia. Nilifikiri watu watachezea saa za simu zao, wasaini leo waandike jana. Sikuwaamini. Watu wa kwetu, waliokula ukwaju ule ule, nikawahesabu wadanganyifu kabla hawajafungua mdomo. Halafu mtu wa kwanza aliyeitwa mwongo kwa ajili ya mstari wangu ni wewe.

Juzi asubuhi nimewaambia wenzangu wote. Bosi akaniuliza karatasi nyingine ngapi. Nikamwambia mia mbili na sita. Akasema, "Basi kaa chini uanze." Nimeanza. Kama baada ya hapo nitakuwa na kazi, sijui.

Umesema nisikuandikie ile saa, na hapa sijaiandika. Nimeichapa kwenye karatasi yake, nimeitia kwenye bahasha, nimeifunga kwa gundi. Inakuja na basi, kwa jina la mama Imrani. Mzee, bila karatasi hiyo mstari unatoka tarehe 25. Na ikisomwa, utaisikia. Sina njia ya kukupa kimoja bila kingine. Nimeitafuta, haipo.

Ila kuna jambo moja sina haki ya kulitia kwenye bahasha. Jumatano ile hakuna aliyebonyeza, wa duniani wala wa kokote. Simu ilikuwa inatuma kile ilichokuwa imebeba. Mwanga uliouona ni huo. Sasa imeshatua mzigo wake. Hata uiweke kwenye kigoda Jumatano mia, baba, haitawaka.

Nimeliandika hili huku nalia, na huwa silii kazini.

Munira


Miyuji
20 Aprili 2026

Munira,

Marahaba.

Bahasha nimeipata. Sijaifungua. Nyepesi kama jani. Nimeiweka mezani, nimeifunika na ile sahani.

Barua yako nilikasirika nayo siku mbili. Siku ya tatu nikaona umesema fundi ni mimi. Nimefanya kazi na mafundi thelathini, arobaini. Aliyewahi kusema hivyo hamna. Wote wanasema saruji ilikuwa mbovu.

Jumatano ileile ilipofika barua yako niliiweka simu kwenye kigoda. Mkono ulikuwa umezoea. Saa kumi ikapita. Nikaiona ni simu tu.

Jana nimekwenda shambani. Sijawahi kuingia mstari wake. Miaka sita anakwenda, mimi naishia barabarani. Ni mwezi wa kupogoa. Dorothea kanipa mkasi wa Ruthu kaniambia, "Shemeji, usiuogope, unakata hapa juu ya jicho la pili." Nikamwambia mti hauna macho. Kasema, "Una macho kukushinda wewe," kanionyesha kivimbe panapochipukia tawi. Nimepogoa mashina manne. Pale ulipokata mzabibu unatoa maji. Yanadondoka taratibu, meupe, kutwa nzima. Hakuna aliyewahi kuniambia. Nilikaa chini nikawa natazama yanavyodondoka mpaka sikujua kama nimelala au niko macho. Ruthu alikuwa kwenye nguzo ya katikati. Kasimama. Safari hii hakuwa anatembea.

Castory alipita na baiskeli. Nikamwambia kuna saa nyingine, ya kwenye simu, iko ndani ya bahasha. Kasema, "Na nani kasema simu ya Ruthu inasema kweli? Simu ya mke wangu inasema tuko mwaka 2019."

Hilo mjibu wewe. Mimi siliwezi.

Bahasha nitampa Castory aifungue mbele ya watu. Nikiifungua nyumbani nitakuwa peke yangu.

Methusela


Dar es Salaam
22 Aprili 2026

Mzee wangu,

Shikamoo. Castory kauliza swali zuri, mwambie nimesema hivyo.

Simu inapotuma saini inajitambulisha kwanza. Inasema, kwangu mimi sasa ni saa fulani. Kompyuta yetu inaandika pembeni saa yake. Tarehe 18 kompyuta yetu iliandika 16:07. Simu ya mama ilisema 16:12. Yaani siku na mwezi ni sahihi kabisa, ila iko mbele kwa dakika tano. Simu za siku hizi zinajirekebisha zenyewe. Ya mama haikujirekebisha. Kuna mtu aliizuia kwa mkono na kuiweka hivyo. Kwa nini, mimi sijui. Labda huko kuna anayejua. Namtumia mama Imrani karatasi ya hilo pia, nayo aifungue Castory.

Mimi bado nipo ofisini. Nimefika karatasi ya tisini na moja. Mstari wa kumi na mbili nimeuandika upya, sasa unauliza simu. Na jina langu pale chini, bosi aliniambia nikiwa humohumo nilitoe. Nimemwomba libaki. Safari hii nimeliweka kwa kusudi.

Jumamosi nitakuwa nawaza huko tu.

Munira


Miyuji
26 Aprili 2026

Munira mwanangu,

Huku kwetu watu wakikutana wanasema mbukwa. Basi mbukwa.

Jana tumekaa. Mkutano ulikuwa shambani, kwenye kivuli cha tangi la maji. Mwenyekiti na wanachama thelathini na kitu, wanawake wengi. Nikampa Castory bahasha. Kaifungua kwa mkasi. Kasoma. Mimi nikawa natazama mdomo wake.

Mdomo ulisema Jumamosi.

Nikasema rudia. Karudia. Jumamosi tarehe 14. Nikamwambia saa ngapi, nionyeshe. Kaninyooshea vidole vitano. Saa tano. Na dakika arobaini na mbili.

Nikakaa chini.

Castory hakumaliza hapo. Kasema sawa, lakini simu inaweza kusema uongo. Mama Imrani akampa karatasi yako ya pili. Kasoma kwamba simu ilikuwa mbele dakika tano, na kuna mtu kaiweka hivyo kwa mkono.

Halafu niliona wanawake wote wanafungua midomo mara moja. Walikuwa wanacheka. Nilifikiri wananicheka mimi. Dorothea akanisogelea, akapiga kelele kwenye sikio langu la kushoto, "Kwaya! Shemeji, kwaya!"

Nikakumbuka. Mwaka juzi Ruthu alichelewa kanisani, kwaya ikaingia bila yeye. Aliumia sana. Jioni ileile kaisogeza saa ya simu dakika tano mbele. Tangu hapo akawa anawafokea watu kwa dakika ambazo hazijafika. Shamba zima wanajua. Wakimuona anakuja wanaambizana, jamani tano za Ruthu hizo. Mimi nyumbani nilikuwa naijua, nikaisahau. Ndiyo kuwa kiziwi.

Dorothea kacheka mpaka kakaa chini, halafu kalia.

Castory kakunja karatasi. Kasema, "Huyu ni Ruthu mwenyewe. Mwenye kughushi angeweka saa sahihi." Halafu kasimama, kaja mpaka nilipo, kanipa mkono. Kasema, "Mzee, nilikuita mwongo mbele ya watu. Mbele ya watu hawahawa naomba radhi." Mstari wa kumi na nne umeandikwa jina langu.

Baadaye Dorothea kanikalisha karibu na nguzo ya mwisho. Kanionyesha alipomkuta, saa saba. Alikuwa kakaa, kaegemea nguzo, simu mapajani, mguu mmoja kanyoosha. Alidhani kapumzika. Kreti ilikuwa pembeni, imejaa zabibu mpaka juu, kazifunika na majani jua lisizipige.

Nimepiga hesabu zangu. Saa kumi na mbili nilimwambia naing'oa. Saa tano na nusu na dakika kidogo kaandika apewe Methusela. Kaandika atazoea. Katikati ya hapo alikuwa na mimi kichwani, na kavuna kreti nzima.

Alinisikia vizuri tu. Hakungoja kufa.

Leo baada ya kanisa nililala kidogo barazani. Nikamuona. Mstari haukuongezeka. Ulikuwa na mwisho. Alikuwa kakaa kwenye nguzo, jua limechuja kwenye majani linamchezea kwenye kilemba. Nikasogea. Nikasogea tena. Hakukimbia. Nikamwona uso. Alikuwa anaandika kwenye simu, ulimi umetoka kidogo pembeni, ndivyo alivyokuwa akiandika. Mwandiko ulikuwa unamtesa. Hakuniangalia. Alikuwa na kazi. Maji yanadondoka kwenye mizabibu pande zote, na mimi nilikuwa nasikia kila tone. Kwa masikio haya. Sikumwita. Nikamwacha amalize.

Simu nimempa Dorothea. Nimemwambia saa asiiguse.

Chai siku hizi naifunika mwenyewe.

Mwambie bosi wako fundi anayesema ni mimi hafukuzwi. Ukitaka nimwandikie nitamwandikia. Agosti zabibu zikiiva nitampelekea bibi yako Kikuyu ndoo moja. Mwambie asiogope kula. Zimesainiwa na mwenyewe.

Nimebakiza mashina tisa ya kupogoa. Nitakuwa napita jioni nikitoka kwenye zege.

Jana Sila kanipitia kuniuliza. Ndoo yangu ipo. Kesho narudi kazini.

Methusela Chidong'oi